Baba haoni tena, kaka anamletea vifaa kutoka Muscat: achague vipi?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Baba yetu ni mwalimu mstaafu, tunaishi Morogoro. Presha ya macho imemmaliza, na tangu mwaka jana haoni hata mwanga wa dirishani. Zamani alijifanyia mambo yake mwenyewe: M-Pesa, LUKU, taarifa ya habari saa mbili usiku, chai yake ya alfajiri. Sasa kila kitu anaomba, na naona hilo linamuuma kuliko macho yenyewe. Kaka yuko Muscat, anakuja Desemba na ameahidi kumletea simu, TV, maikrowevu na jiko la umeme la kioo. Anauliza kama atafute duka la vifaa vya wasioona. Wengine hapa nyumbani wanasema tumpe kitochi tu, mzee hawezi simu ya kupangusa. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na mzee. Kabla ya vifaa, jambo moja la pembeni: presha ya macho hutembea kwenye ukoo. Wewe na kaka yako mkapimwe hata kama mnaona vizuri. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kwa kula uwezo wa kuona pembeni, kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Haya, sasa tuje kwenye mzigo wa Muscat.

Kaka asihangaike na duka la vifaa vya wasioona. Vifaa hivyo vipo, na vingine ni vizuri. Saa ya mkononi inayotaja muda ukibonyeza kitufe, kwa mfano, haina gharama kubwa na mzee ataifurahia siku hiyohiyo. Ila vile vya bei kali, kama kibao cha breli cha kuunganisha na kompyuta, ni vya mtu anayesoma breli, na mtu aliyepoteza macho utu uzimani kwa kawaida huzoea kusikiliza mapema kuliko kusoma kwa vidole. Anachohitaji baba yako ni vifaa vilevile vinavyotumiwa na watu wote, ila vichaguliwe kwa kipimo kingine.

Kazi yangu ni kuwafundisha wasioona kutumia vifaa, na mimi mwenyewe sioni, kwa hiyo kipimo changu ni cha mkono na sikio. Najiuliza mambo mawili. Kwanza, je, kidole kinaweza kutafuta bila kubonyeza? Pili, je, kifaa kinajibu? Yaani nikishafanya jambo, kuna sauti, mtikisiko au kitu cha kushika kitakachonijulisha kifaa kiko katika hali gani sasa hivi? Kikifaulu yote mawili, nunua. Kikifeli yote mawili, kibaki dukani hata kama ni cha bure. Kikifaulu moja, hapo ndipo kuna kazi ya kubandika alama na kukariri.

Chukua hilo jiko la kioo. Mwenye macho anapeleka kidole moja kwa moja penye alama, lakini asiyeona ni lazima apapase kwanza. Kwenye kioo kile, kupapasa ndiko kubonyeza. Unatafuta kitufe cha kuzima, na njiani umeshaongeza moto na kuwasha upande wa pili. Linalia "pii", lakini "pii" ya kuwasha na "pii" ya kuzima ni moja. Ukibandika alama juu ya kioo umejua kitufe kilipo, bado hujui jiko limefika namba ngapi. Limefeli yote mawili, kaka alifute kwenye orodha. Jiko la umeme la plate, lenye swichi za kuzungusha zinazoanzia kwenye "zima" na kukwama hapo, ni la bei ndogo na ni salama zaidi kwa mzee. Hiyo hali ya kukwama ndiyo muhimu. Swichi inayozunguka bila mwisho haimwambii mtu yuko wapi. Yenye mwanzo unaoushika kwa mkono, unahesabu kutoka hapo.

Utaniuliza: kioo cha simu nacho si bapa vilevile? Ni kweli, na simu za kupangusa zilipoingia wasioona wengi tulijua tumeachwa. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2009. Apple waliingiza kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye kioo, kiitwacho VoiceOver ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huohuo Google wakaleta TalkBack kwenye Android. Miongoni mwa wahandisi wa Google waliofanya kazi hiyo alikuwamo T. V. Raman, ambaye mwenyewe haoni. Walichofanya, Apple wakitangulia na Google wakifuata baadaye, ni kutenganisha kutafuta na kubonyeza. Ukigusa mara moja, simu inakutajia ulichogusa na haifanyi kitu. Ukishasikia unachokitaka, unagonga mara mbili popote kwenye kioo, ndipo kinafunguka. Kioo ni kilekile, ila sasa kidole kina ruhusa ya kuhangaika. Kisoma-skrini hakinunuliwi, kimo ndani ya iPhone zote tangu wakati huo na ndani ya simu nyingi mno za Android.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitochi. Kitochi kina vitufe vya kushika, na namba 5 ina kinundu, kwa hiyo kidole kinatafuta bila shida. Tatizo lake ni kwamba vitochi vingi havijibu. Mzee atapiga simu za kukariri, lakini hatajua nani anapiga, hatasoma meseji, hatajua salio, na meseji ya mwanafunzi wake wa zamani itabidi isomwe na mjukuu kwa sauti sebuleni. Kibaki kama simu ya akiba, chaji yake inakaa. Simu yake kuu iwe ya kupangusa.

Ipi? Kwa mzee wa Morogoro anayeandikiwa kwa Kiswahili, mimi ningechukua Android, kwa sababu programu ya sauti ya Google ina Kiswahili. Hilo si dogo. Sauti ya Kiingereza ikisoma "salio lako jipya ni", utadhani mtalii anasoma menyu ya mgahawa. Kaka akipenda iPhone, aijaribu kwanza dukani kwa meseji ya Kiswahili, asikilize mwenyewe.

Halafu kuna mambo ambayo matangazo hayasemi. Kihisi cha alama ya kidole kiwe ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia, ambapo kinashikika. Kile kilichofichwa chini ya kioo hakina ukingo wala kishimo, mzee atakisaka kila asubuhi. Tundu la hedifoni za waya liwepo, maana hedifoni za Bluetooth wakati mwingine huchelewesha sauti, na kwa mtu anayeishi kwa sauti ucheleweshaji huo unachosha. Kumbukumbu ya kuendeshea, ile RAM, isipungue GB 4. Simu dhaifu huwaka TalkBack vizuri tu, kisha unagusa, unasubiri, unagusa tena, na maneno yanakuja yamechelewa kama mwangwi. Mzee atadhani amekosea yeye, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kamera na wembamba kaka asivilipie.

Akiwa dukani afanye hivi kabla hajatoa hela. Awashe simu mpya, na kwenye ukurasa wa kwanza abonyeze vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia sekunde kadhaa. Simu nyingi za Android za sasa zitaanza kuongea hapohapo. Isipoongea, aingie kwenye Mipangilio, sehemu inayoitwa Ufikivu, au kwenye baadhi ya matoleo "Zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia", awashe TalkBack. Kisha afumbe macho. Kidole kimoja akipanguse kwenda kulia kuhamia kitu kinachofuata, kushoto kurudi, agonge mara mbili kufungua. Apige namba ya mama, afungue meseji moja, arudi mwanzo. Muuzaji atamshangaa, amwache ashangae. Kama baada ya dakika kumi bado simu inajikokota, aombe nyingine.

Wiki ya kwanza nyumbani ndiyo ngumu, na mara nyingi kinachokwamisha si akili ya mzee ila jinsi anavyoishika simu. Wanafunzi wangu karibu wote huikamata kiganjani kama kikombe, na kidole gumba cha mkono ulioshika kinalala kwenye ukingo wa kioo. Simu inahesabu vidole viwili badala ya kimoja, kwa hiyo haijibu kabisa au inafanya jambo jingine. Mwambie aiweke mezani au magotini, juu ya kitambaa isiteleze, afanye kazi kwa kidole cha shahada peke yake mpaka kizoee. Kugonga mara mbili nako kuna mwendo wake: ta-ta, haraka na kwa wepesi. Wazee hugonga kama wanabisha hodi, taratibu na kwa nguvu, simu inaona ni miguso miwili tofauti. Kasi ya sauti ianzie chini. Baada ya mwezi atawaomba mwenyewe muiongeze, na mwisho mtasikia kelele tu ambayo yeye anaielewa.

Kuna mpangilio mmoja uuwashe siku ya kwanza: ule wa kukata simu kwa kitufe cha kuwashia. Kutafuta kitufe chekundu kwenye kioo huku mtu wa upande wa pili anasikia kila kitu ni aibu isiyo ya lazima. Kupokea, kwenye simu nyingi za sasa, ni kugonga mara mbili kwa vidole viwili.

Na waambie wajukuu: TalkBack ikiwa imewashwa, simu haijaharibika. Wenye macho ndio hupotea, wanagusa na hakifunguki kitu. Ikishawekwa njia ya mkato ya TalkBack kwenye Mipangilio, vitufe vile viwili vya sauti vikishikiliwa huizima, na vikishikiliwa tena huirudisha. Msimpokonye simu mkononi ili "kumsaidia haraka". Mwelekezeni kwa maneno, hata ikichukua robo saa.

Pesa sasa. Menyu ya nyota 150 nyota 00 reli inasomwa na TalkBack, lakini mtandao una muda wake wa kusubiri, na muda huo uliwekwa kwa kumfikiria mtu anayesoma kwa macho. Sauti ikiwa bado kwenye chaguo la tano, kipindi kinafungwa, anaanza upya. Dawa ni kukariri njia: kutuma pesa ni namba ngapi, kisha ngapi. Akijua, haina haja ya kusikiliza orodha nzima, anahamia moja kwa moja kwenye kisanduku cha kuandikia na kuandika namba. Kampuni huwa zinapangua menyu zao, kwa hiyo akisikia mwanzo wa orodha umebadilika, siku hiyo asikilize yote. Programu ya simu ya huduma hizo haina haraka ya namna hiyo, ila inataka bando, na ni lazima mjaribu kwanza kama vitufe vyake vina majina. Mkisikia "kitufe, hakina lebo", mtengenezaji hakuandika jina ambalo kisoma-skrini kingelisoma. Vijana wanaotengeneza programu hapa nchini, hilo ni jambo la mstari mmoja wa maandishi kwa kila kitufe, na kukosekana kwake kunamfungia mtu akaunti yake mwenyewe. Mara nyingi TalkBack inaruhusu kuongeza lebo yenu kupitia menyu yake, ambayo hufunguka kwa kugonga kioo mara moja kwa vidole vitatu. Keti na mzee Jumapili moja, msikilize pamoja, wewe uandike majina.

Namba ya siri ni yake peke yake. Najua nyumbani kwenu mnapendana, lakini ulisema kinachomuuma ni kuomba, na hakuna kuomba kubaya kama kuomba pesa yako mwenyewe. Avae hedifoni sikio moja anapoandika namba ya siri, lile jingine libaki la kusikilizia watu waliomzunguka. Kwenye menyu ya TalkBack kuna chaguo la kuficha skrini. Kioo kinakuwa cheusi kabisa huku simu inaendelea kufanya kazi, na aliyesimama nyuma yake haoni kitu. Kwa wakala, asiondoke dirishani kabla hajasikiliza meseji ya muamala mpaka mwisho, na aisikilize mwenyewe.

LUKU ina mtego wake. Umeme unakuja kwa tarakimu 20, na zikiwa zimeshikana, sauti inaweza kuzisoma kama namba moja ya kutisha ya mabilioni kwa mabilioni. Afanye hivi: akiwa kwenye ile meseji, apanguse vidole vitatu juu au chini mpaka simu itaje "Herufi", kisha kidole kimoja kuelekea chini kinasoma tarakimu moja moja. Asome nne, aziandike, asome nne nyingine. Vibao vingi vya mita vina kinundu kwenye 5, kwa hiyo mkono utajipanga wenyewe. Tatizo liko kwenye kioo cha mita, ambacho hakisemi kama namba imekubaliwa au imekataliwa. Siku mtakapoweka umeme, simama naye pale, msikilize milio yote mpaka mwisho. Kama mita yenu ina mlio tofauti wa kukubali, ataukariri. Kama haina, hapo atahitaji jicho la mtu kwa sekunde mbili, na si vibaya kulisema hivyo waziwazi.

TV nitaipitia haraka. Zenye mfumo wa Google TV au Android TV zina TalkBack, Samsung wana Voice Guide, LG wana Audio Guidance. Marekani tangu Desemba 2016 TV na ving'amuzi vinatakiwa na sheria kuwa na menyu ambazo asiyeona anaweza kuzitumia, na wengine duniani tumefaidika na msukumo huo. Sauti zenyewe kaka asitegemee ziwe za Kiswahili, mzee ni mwalimu, Kiingereza kitamtosha. Umeme wa Oman na plagi zake vinaendana na vya kwetu. Kitu cha kuangalia ni kwamba TV iwe na kipokezi cha DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena tunaotumia Tanzania.

Nasisitiza hapo kwa sababu moja. Watu wananunua TV inayosema, wanaichomekea king'amuzi, kisha wanashangaa imenyamaza. Waya wa HDMI unaleta picha na sauti ya kipindi. Orodha ya chaneli iliyochorwa na king'amuzi inafika kwenye TV kama picha tu, na TV haijui kama ndani yake kuna maandishi. Inasoma menyu zake yenyewe, basi. Chaneli za antena zikipokelewa na TV moja kwa moja, zinaweza kutajwa. Za king'amuzi, mzee akariri namba za chaneli zake nne tano anazozipenda na azipige kwenye rimoti. Rimoti ya king'amuzi ivalishwe mpira wa kufungia noti ili asiichanganye na ya TV.

Maikrowevu ni rahisi kuliko mnavyodhani, mradi kaka achague ya bei ndogo. Ile ya swichi mbili za kuzungusha, moja ya nguvu na moja ya dakika, inafaulu kipimo changu chote: mkono unajua swichi imeelekea wapi, saa yake unaisikia ikitembea, na kengele inalia ikimaliza. Weka tone la gundi ya moto kwenye dakika 1, 3 na 5, likauke liwe kinundu. Usijaze vinundu kila dakika, vikiwa vingi kidole hakitofautishi kimoja na kingine. Rangi ya kucha, matabaka matatu, nayo inafanya kazi ila inachubuka. Na kwa chakula cha chini ya dakika mbili, azungushe mpaka mbele kisha arudishe nyuma, maana saa za namna hiyo hazina uhakika kwenye muda mfupi. Ikikosekana kabisa ya swichi, basi iwe ile ya vitufe vya plastiki vinavyobonyea kwa nguvu kidogo. Hivyo vinaweza kupapaswa na kubandikwa alama. Ya kioo cha kugusa, hapana.

Ukijiuliza kwa nini simu imejifunza kusema na jiko halijajifunza, sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Umoja wa Ulaya una sheria iliyoanza kutumika 28 Juni 2025, inazibana simu, kompyuta, mashine za kutolea pesa na huduma za benki. Majiko na maikrowevu hayamo. Kenya mwaka 2022 walitoa kiwango chao, KS 2952, cha bidhaa na huduma za TEHAMA, na si cha vyombo vya jikoni. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini hakuna mtu atakayesimama mlangoni mwa duka la Kariakoo akakagua jiko. Kwa sasa mkaguzi ni mnunuzi.

Chai ya alfajiri umeitaja, na hiyo isisubiri Desemba. Tafuteni birika la umeme linalojizima lenyewe, lenye swichi ya kupandisha na kushusha chini ya mkono wa kushikia. Likichemka swichi inaruka kwa mlio, na mkono unaweza kuhakikisha. Kikombe akiweke ndani ya sinia, aweke ncha ya kidole ndani ya ukingo kwa juu na kumimina polepole mpaka joto la mvuke limkaribie.

Kaka akipata modeli anazozitaka, niandikie majina yake kamili pamoja na picha ya sehemu ya vitufe, na umwombe anijulishe kabla hajalipia TV, kwa sababu hiyo ndiyo nzito kuirudisha.